Nani Anayeukata Mti wa Kigoma? Elimu ya Mazingira na Hoja ya Ubepari katika Nchi ya Buha

Katika shule za Buhigwe, Kasulu na Kibondo, ujumbe wa kutunza mazingira si mgeni. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Jiografia na Mazingira kuanzia darasa la tatu. Katika mtaala uliotangulia watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuwa na somo la Kutunza Afya na Mazingira. Kampeni ya Soma na Mti imemtaka kila mwanafunzi awe na mti wake, na kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mazingira yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, na tangu 2021 hadi 2025 aliyekaa kwenye kiti hicho, Dk. Philip Mpango, ni mzaliwa wa Buhigwe. Wilaya hizi haziwezi kulalamika kwamba zilikosa wa kuzisemea.

Pamoja na hayo, miombo ya Kibondo na Kasulu inazidi kurudi nyuma. Milima ya Buhigwe, kuanzia Manyovu hadi mpakani Munanila, imevikwa migomba, kahawa, tangawizi na mikaratusi, huku msitu wa asili umebaki vipande kwenye makorongo. Hapo ndipo wananchi wanapochanganyikiwa. Viongozi wanasema watu hawajaelimika vya kutosha. Vijana waliopita vyuoni wanasema elimu si tatizo, tatizo ni ubepari. Na sasa wamekuja wa tatu, wenye habari za hewa ya ukaa, wanaosema msitu utapona siku utakapoanza kumlipa aliyeulinda. Mkulima anayesikia sauti hizi tatu kwa mwaka mmoja ana haki ya kuuliza ipi ni ya kweli.

Mkanganyiko huu hauko Kigoma peke yake. Septemba 2020 Wizara ya Elimu ya Uingereza ilitoa mwongozo uliozitaka shule zisitumie vifaa vya kufundishia vya mashirika yaliyotangaza nia ya kuuondoa ubepari. Walimu na wanaharakati wa mazingira walihoji papo hapo: mwalimu atafundishaje mabadiliko ya tabianchi bila kugusa kampuni za mafuta na makaa ya mawe? Kwetu hakuna mwongozo wa namna hiyo, lakini ukimya upo. Elimu ya Biashara sasa ni somo la lazima katika elimu ya sekondari ya chini, mazingira yanafundishwa ndani ya jiografia, na ni nadra masomo hayo mawili kukutana kwenye swali moja la mtihani.

Ardhi hii ilifikaje hapa

Mjadala wowote kuhusu misitu ya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, unaoanzia miaka ya karibuni utakwenda kombo, kwa sababu sura ya nchi hii ilichorwa na maamuzi ya zamani sana.

Utawala wa Waingereza haukuitazama Buha kama nchi ya mazao. Uliitazama kama ghala la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na nyumbani fedha haikupatikana, hivyo wanaume wa Kiha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro kama manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ikawa mojawapo ya maeneo yaliyotegemewa. Laurent Sago aliichambua historia hiyo katika kitabu alichoandika pamoja na Walter Rodney na Kapepwa Tambila, kilichochapishwa mwaka 1983, na picha anayoitoa ni ya mkoa ulioachwa bila zao la biashara wala barabara ili watu wake wasiwe na njia nyingine isipokuwa kuondoka.

Kuondoka kwa wanaume si habari ya uchumi tu. Kijiji kilichobaki na wazee, wanawake na watoto hakifyeki kama zamani. Pori husogea, na mbung'o husogea nalo. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba Waafrika walikuwa na namna zao za kulizuia pori na wadudu wake, na kwamba magonjwa, vita na utawala wa kikoloni ndivyo vilivyozivuruga. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Buha kwenye makazi ya pamoja kwa hofu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Sehemu ya mapori ambayo leo tunayaita ya asili ilikuwa makao ya watu.

Kisha ikaja mwaka 1972. Operesheni Kigoma ilikuwa miongoni mwa mazoezi ya kwanza makubwa ya kuhamishia watu vijijini, kabla operesheni hazijaenea nchi nzima. Waha walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya ikiwa katikati ya migomba yake. Samadi ya mifugo na taka za jikoni ziliirutubisha ardhi iliyoizunguka nyumba, na mgomba ukadumu miaka mingi mahali pamoja. Kaya zilipohamishiwa kando ya barabara, mpango huo ulivunjika. Shamba la zamani likawa mbali, shamba jipya likalimwa mfululizo bila samadi ya kutosha, na kuni za karibu zikaisha kwa sababu nyumba zilizokuwa zimetawanyika kilima kizima sasa zilichota kichaka kimoja.

Mwaka huohuo wa 1972 wakimbizi kutoka Burundi walianza kuingia kwa wingi. Wakaja wengine 1993, na kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ikafunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na kambi za Nduta na Mtendeli zikatumika upya. Mji wa watu zaidi ya laki moja uliowekwa katikati ya miombo na kupewa mahindi na maharage bila nishati ya kupikia, utatafuta kuni. Hilo halihitaji nadharia.

Hoja ya kwanza: watu waelimishwe

Hoja ya elimu ina historia ya heshima nchini na haistahili kubezwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya mamilioni ya watu wazima kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Watu walikaa chini ya mti na kitabu chao, wakasikiliza, wakabishana, wakaamua la kufanya. Leo tunaita kitu hicho elimu shirikishi kana kwamba ni kipya.

Nguvu ya hoja hii inaonekana Shinyanga. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulikuta mkoa umekauka, baada ya wakoloni kufyeka miti kwa ajili ya kuua mbung'o na baada ya vijiji vya ujamaa kuvunja mipaka ya ngitili, yale malisho yaliyokuwa yakitengwa kusubiri kiangazi. Wataalamu walianza kwa kuhimiza miche ya kigeni, wakaona wananchi wanavutiwa zaidi na ngitili zao, wakabadili mwelekeo. Laki kadhaa za hekta zikarudi kuwa kijani. Maarifa yalifanya kazi. Hata hivyo yalikuwa maarifa ya wenyeji, na yalikwenda sambamba na kurudishiwa mamlaka juu ya eneo. Wanaoutaja mfano huu majukwaani husahau sehemu hii ya pili.

Udhaifu wa hoja ya elimu ni kwamba inadhani anayekata mti hajui anachofanya. Mama wa Heru Juu anayefuata kuni umbali mrefu kuliko mama yake alivyofuata anajua vizuri kuliko mtaalamu yeyote kwamba msitu umepungua. Kilichopungua kwake si ufahamu, ni njia mbadala. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo ifikapo 2034, umelikubali jambo hilo angalau kwa sehemu, maana unazungumzia bei na upatikanaji wa gesi na majiko badala ya kuhimiza tu.

Udhaifu mwingine uko kwenye utekelezaji. Maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani huangukia tarehe 5 Juni, na mara nyingi huambatana na kupanda miti. Katika nyanda za Kigoma mvua hukatika Mei. Mche unaotolewa kwenye kiriba Juni na kushindiliwa ardhini mbele ya kamera unakabiliwa na miezi mitatu hadi minne ya jua, upepo na mbuzi, bila mtu aliyepangiwa kuubebea maji. Mtoto aliyeupanda hupita hapo kila siku akiutazama unavyonyauka. Anachojifunza ni kwamba kutunza mazingira ni sherehe ya wakubwa. Wakulima wa Buhigwe wanapanda miche yao ya kahawa na mikaratusi mvua za mwanzo zikishanyesha vizuri. Shule ingeweza kuwauliza.

Hoja ya pili: mfumo ndio unaokata

Wanaoulaumu ubepari wana ukoo mrefu wa fikra, na sehemu yake ilikulia Dar es Salaam. Walter Rodney alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilipotoka mwaka 1972. Issa Shivji ameendelea na hoja hiyo hadi leo katika masuala ya ardhi. Huko nje, John Bellamy Foster amefufua wazo la Karl Marx kwamba kilimo cha kibepari huchukua rutuba ya udongo wa shambani na kuipeleka mjini bila kuirudisha, na Joan Martínez-Alier ameonyesha jinsi maskini duniani wanavyopigania misitu na mito kwa sababu ndiyo riziki yao, hata kama hawajiiti wanamazingira.

Kiini cha hoja yao ni rahisi. Mfumo unaoishi kwa faida hutafuta gharama ya kumtupia mwingine. Msitu, mto na udongo havitoi ankara, hivyo vinatupiwa. Anayefaidika yuko mbali na anayeumia yuko karibu, na kumfundisha anayeumia awe na tabia njema hakubadilishi hesabu hiyo.

Je, hoja hii inasimama ikiletwa Kibondo na Kasulu? Mahali pazuri pa kuipima ni kwenye bani la tumbaku.

Bani ni chumba kirefu cha matofali, chenye tanuru nje na mabomba ya bati yanayopitisha joto ndani. Majani mabichi yanafungwa kwenye vijiti na kupangwa safu juu ya safu hadi karibu na paa. Kisha moto unawashwa, na kwa muda wa takriban wiki moja hauruhusiwi kuzimika. Kwanza joto dogo la kuligeuza jani kuwa la njano, halafu joto la kulikausha, mwisho joto kali la kukausha kikonyo. Mkulima au kijana wake analala palepale. Joto likishuka usiku wa tatu kwa sababu kuni zimepungua, jani linageuka kahawia, na siku ya soko mteuzi ataliweka daraja la chini. Kwa hiyo kila mwenye akili huandaa kuni nyingi kuliko anazohitaji. Hapo hakuna ujinga wowote. Kuna mtu anayelinda mapato ya mwaka mzima.

Sasa tazama mkataba wake. Kabla ya msimu, kupitia chama cha msingi cha ushirika, amekubali makisio ya kilo atakazouza. Amechukua mbolea, mbegu na dawa kwa mkopo. Bei inapangwa kwa dola za Kimarekani, kwa madaraja mengi ambayo mkulima wa kawaida hawezi kuyatofautisha kwa macho yake. Tumbaku ikishauzwa, mkopo unakatwa kwanza, tozo zinafuata, kinachobaki ni chake. Mbolea ina bei kwenye karatasi. Dawa ina bei. Kuni hazina. Zinahesabiwa kama kitu kilichokuwepo tu, kikisubiri shoka.

Kampuni zinazonunua tumbaku zinajua lawama hiyo, na kwa miaka mingi zimewataka wakulima wapande miti, zikagawa miche na kutoa mafunzo. Ni elimu ya mazingira kabisa, na baadhi ya mashamba hayo ya miti yamestawi. Lakini mkaratusi unahitaji miaka kadhaa kabla haujatoa kuni za maana, na mkopo wa pembejeo unadaiwa msimu huu. Mkulima mpya ataukaushaje mzigo wake wa kwanza, wa pili na wa tatu? Kwa miombo. Zaidi ya hapo, ardhi ya kupanda miti, kazi ya kuipalilia na hatari ya moto vyote viko juu yake, ilhali faida ya tumbaku iliyokaushwa vizuri inagawanywa na wengi walio juu yake. Hapa wakosoaji wa ubepari wako sahihi, na ushahidi hauko London wala New York. Uko kwenye karatasi ya makato ya mkulima wa Kasulu.

Kahawa ya Buhigwe inasimulia jambo linalokaribiana na hilo kwa njia ya upole zaidi. Arabika ya milima hii inapendwa, na mti wa kahawa ukiwa chini ya kivuli cha migomba na miti mingine ni rafiki wa udongo. Lakini Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei ziliporomoka duniani, na kuporomoka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkulima anayeona zao lake halimlipi hung'oa au hutelekeza, au hupanda kitu cha haraka hata kama kiko mteremkoni. Tangawizi inayolimwa bila makinga maji huacha udongo wazi. Uamuzi wake unaonekana ni wa kwake, ingawa nusu yake ulishafanywa kwenye soko la dunia.

Mahali hoja ya ubepari inapokwama

Hata hivyo hoja hii ina shimo kubwa, na Kigoma ndipo linapoonekana wazi kuliko kwingine Tanzania. Operesheni Kigoma haikuendeshwa na bepari. Iliendeshwa na serikali iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 na iliyokuwa ikiupinga ubepari kwa dhati. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji yapatikane karibu. Lakini udongo na msitu vilichakaa kwa namna ileile ambavyo vingechakaa kwa amri ya mwenye shamba la mkonge. Nje ya Afrika, Umoja wa Kisovieti uliikausha Bahari ya Aral kwa kumwagilia pamba, bila soko huria wala wenye hisa.

Wala elimu iliyojengwa juu ya ukosoaji wa ubepari si ngeni kwetu. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967, ulilaumu shule za kikoloni kwa kujenga ubinafsi wa kibepari, ukataka kila shule iwe na shamba na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Ni waraka wa maana sana hadi leo. Lakini katika shule nyingi kilichobaki ni jembe, na kupanga kukapotea. Shamba la shule likawa chanzo cha mapato au adhabu ya wachelewaji, na mtoto akatoka akiichukia ardhi ambayo waraka ulitaka aipende. Nadharia ilikuwa sahihi, ila mwanafunzi hakupewa uamuzi wowote.

Kuna tatizo jingine dogo lakini la kila siku. Neno ubepari likitamkwa peke yake darasani huwa halina anwani. Mfanyabiashara anayenunua kahawa ikingali maua kwa mkulima aliyebanwa na ada ya shule ni jirani yake, pengine ni ndugu. Mwenye msumeno wa kukodisha naye ni wa kijijini. Wanafunzi wakiambiwa mkosaji ni mfumo wa dunia, wanaondoka na hasira isiyojua iende wapi, na kesho yake msumeno unaendelea.

Hoja ya tatu: msitu ujilipie

Wanaotegemea soko wanasema tuache kulumbana, tumlipe anayelinda. Jirani yetu wa kusini ana mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyozunguka milima ya Ntakata vimekuwa vikipokea mapato ya hewa ya ukaa, yaani malipo ya kaboni inayobaki kwenye msitu usiokatwa, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Ni mabilioni ya shilingi, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, zikalipia bima za afya na doria za misitu. Msitu uliokuwa ukifyekwa sasa una wenye wivu nao.

Kwa nini iliwezekana? Jibu lililozoeleka ni soko. Jibu kamili ni kwamba vijiji vilikuwa na ardhi yao kisheria kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, vilikuwa na mipango ya matumizi bora ya ardhi, na vilikuwa na misitu iliyohifadhiwa kwa jina la kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Mnunuzi alipokuja, kulikuwa na mtu wa kujadiliana naye. Linganisha na makubaliano ya awali yaliyotangazwa mapema mwaka 2023 kati ya Tanzania na kampuni ya Blue Carbon ya Dubai, yaliyohusu takriban hekta milioni 8 za misitu ya hifadhi. Msitu wa hifadhi ya taifa hauna mkutano mkuu wa kijiji. Bidhaa ni ileile, anayeamua ni mwingine kabisa, na sioni sababu ya kutegemea matokeo yafanane.

Buhigwe yenyewe ina nafasi finyu katika biashara hii. Hewa ya ukaa inalipa palipo na msitu mkubwa wa kuokoa, na milima yetu ina watu wengi na msitu mdogo. Wilaya iliyokwisha kupoteza misitu haina cha kuuza, na kaya isiyo na ardhi haina kabisa. Soko linamlipa aliyebakiwa na kitu.

Kuna pia utegemezi. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 kwenye vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe. Ulianza na miche, ukagundua kwamba wananchi wanataka maji, afya na shule kwanza, ukajifunza kusikiliza. Kahawa ya Kigoma ikapatiwa wanunuzi wa Marekani waliokuwa tayari kuilipia vizuri, na klabu za Roots & Shoots, zilizoanzia Dar es Salaam mwaka 1991, zikaenea mashuleni. Ni kazi nzuri, na Dk. Goodall aliyefariki Oktoba 2025 aliipigania hadi mwisho. Lakini sehemu kubwa ya fedha za uhifadhi magharibi mwa Tanzania ilitoka kwa walipa kodi wa Marekani kupitia USAID. Serikali ya huko ilipolivunja shirika hilo mwaka 2025, miradi ikakatika katikati ya njia, na hakuna mwanakijiji wa Kigoma aliyeulizwa.

Kupima hoja hizi

Ukiziweka hoja tatu mezani pamoja na historia ya Buha, jambo moja linajirudia. Manamba, makazi ya malale, Operesheni Kigoma, kambi za wakimbizi, mkataba wa tumbaku: kila mara ardhi ilichakaa pale aliyeamua alipokuwa si yeye aliyelipa gharama ya uamuzi. Wakati mwingine aliyeamua alikuwa kampuni, wakati mwingine serikali ya kikoloni, wakati mwingine serikali yetu wenyewe, wakati mwingine shirika la misaada lililotafuta mahali pa kuweka hema. Na kila mara ardhi ilipopona, Shinyanga au Ntakata, mwenye kulipa gharama alikuwa amerudishiwa sehemu ya uamuzi.

Kwa kipimo hicho, wakosoaji wa ubepari wako karibu zaidi na ukweli kuliko wahimizaji wa miche, kwa sababu wao ndio wanaouliza nani anafaidika na nani anaumia. Wanakosea wanapodhani kubadilisha mmiliki kunatosha. Wahimizaji wa elimu wako sahihi kwamba bila maarifa hakuna kinachodumu, lakini wanayapeleka kwa mtu mwenye madaraka madogo kuliko wote kwenye mnyororo. Nao watu wa soko wameonyesha kwamba fedha zinaweza kuusimamisha msumeno, mradi haki ya ardhi iwe imetangulia.

Kuna gharama ya kulifuata wazo hili, na haifai kuifunika. Tumbaku na kahawa ndizo zinazolipa ada za shule. Mkulima wa Kibondo akiambiwa aache tumbaku kwa ajili ya miombo, atauliza mbadala wake ni upi, na jibu la alizeti au maharage halijawahi kumtosheleza kila mtu. Kuni zikitiwa bei kwenye mkataba, ama mnunuzi ataongeza bei ya jani, ama atahamia wilaya ambayo haijaanza kuhesabu. Hatari hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu kijiji kimoja hakiwezi kulifanya peke yake. Mwalimu naye ana hofu yake. Akifundisha makato ya tumbaku anaweza kuambiwa anaingiza siasa darasani, hasa kama kampuni ndiyo iliyochangia madawati.

Lakini makato ya tumbaku ni hesabu, si siasa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma Elimu ya Biashara anaweza kupewa mkataba halisi, uliofutwa jina, akapanga mapato na gharama, kisha akaulizwa kwa nini safu ya kuni haina tarakimu. Anaweza kwenda kwenye bani na kupima mzigo wa kuni unaoingia kwa wiki moja, akaugawa kwa kilo za tumbaku zilizotoka, akakokotoa eneo la mikaratusi linalohitajika na miaka ya kuisubiri. Anaweza kusoma kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, halafu akatembea bondeni kuhesabu mikaratusi iliyomo ndani ya mita hizo na kuuliza ni ya nani. Mtoto wa namna hiyo hatahitaji kuambiwa kama anaupenda au anauchukia ubepari. Atakuwa na maswali ya kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Juu ya kijiji kuna halmashauri, na hapo ndipo mgongano ulipo wazi zaidi. Halmashauri inatakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na halmashauri hiyohiyo inapata ushuru wa mazao ya biashara, ambao tangu 2017 kikomo chake kisheria ni asilimia 3. Tumbaku ikiongezeka, ushuru unaongezeka, na kuni zinazoukausha ushuru huo hazimo kwenye taarifa yoyote inayosomwa ukumbini. Madiwani wa Kasulu na Kibondo hukutana kila robo ya mwaka kupitia makusanyo, zao kwa zao. Safu ya kuni za mabani, kata kwa kata, inaweza kuongezwa kwenye kabrasha hilohilo bila kusubiri sera mpya wala mfadhili, na wanafunzi waliozipima wanaweza kuwa ndio waliozileta.